Fuawe Kubwa la Zamani: Jinsi ya Kulitafuta, Kulikagua na Kulifikisha Nyumbani Ukiwa Tabora

Fuawe kubwa la kwanza, yaani chuma kizito ambacho mhunzi hufulia vyuma vingine juu yake, nililolikuta nje ya karakana lilikuwa Urambo, chini ya mwembe, nyuma ya jiko la bibi mmoja. Alikuwa akinyooshea majembe juu yake, na kuku walishalizoea kama sehemu ya ua. Nilipomwomba ruhusa ya kuligonga akasema, "Gonga tu mjukuu wangu, hilo halivunjiki, lilimshinda hata marehemu babu yako." Nikatoa nyundo ya robo kilo mkobani, nikagonga mara moja katikati ya uso. Ngeeee! Kuku wakaruka, na mama wa nyumba ya pili akachungulia juu ya uzio kuuliza kama kengele ya shule imehamia kwa bibi. Chuma kile kilikaa mvuani miaka mingi kikiwa na kutu nyekundu hadi miguuni, na bado kililia namna ile.

Tangu siku hiyo nimefuata mafuawe makubwa kutoka Tabora mjini hadi mwisho wa reli Kigoma. Mengine nimenunua, mengine nimeyaangalia tu na kuondoka. Jambo ninalotaka kila msomaji alishike kabla hajatoa shilingi moja ni hili: kwenye mafuawe mengi ya zamani, thamani yote imelala katika tabaka la pua ngumu (feleji, chuma kigumu kinachohimili nyundo) lililo juu, lenye unene wa kama milimita 12 hivi, unene wa kidole. Kilo 100 na zaidi zilizo chini yake ni chuma laini cha kulibeba tabaka hilo. Utakachofanya wakati wa kukagua, kununua na kutunza kinalenga kuhakikisha kidole hicho cha pua kipo, ni kigumu, na hakuna anayekila.

Hatua ya 1: Lijue umbo lake

Sehemu ya juu iliyo bapa ndiyo uso. Upande mmoja kuna pembe, ya duara na iliyochongoka, ya kukunjia pete na ndoana. Kati ya pembe na uso, kwenye mafuawe ya Kiingereza, kuna meza ndogo iliyoshuka kidogo. Hiyo meza huachwa laini makusudi ili ukikata chuma juu yake tindo isivunjike makali. Upande wa pili wa uso ni kisigino, na hapo kuna matundu mawili: la mraba la kuchomekea vifaa kama tindo ya kusimama, na dogo la duara la kutobolea. Chini ya uso ni kiuno, kisha miguu.

Mafuawe ya Kijerumani mara nyingi yana pembe mbili, moja ya duara na nyingine yenye pande bapa kama piramidi iliyolala. Ukikuta la namna hiyo katika mikoa yetu usishangae. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Hatua ya 2: Amua unahitaji uzito gani

Wahunzi wana kanuni ya jicho: uzito wa fuawe uwe kama mara 50 ya nyundo unayotumia. Nyundo ya kilo 1 inatulia kwenye fuawe la kilo 50. Kama unafua shoka na mapanga na una kijana wa kupiga nyundo kubwa ya kilo 3 au 4, anza kufikiria kilo 150 na kuendelea. Fuawe jepesi likipigwa nyundo nzito linarukaruka na kula nguvu zako. Chuma kinapoa kabla hakijanyooka, nawe jioni unalalamika mkono.

Wengi wetu tulianzia kwenye kipande cha reli. Si kibaya, ila kijue uwezo wake. Reli yenye kilo 40 kwa mita, ukikata nusu mita, ni kilo 20 tu. Ikilazwa kama ilivyokuwa njiani inayumba, kwa sababu chini ya kichwa chake kuna ubao mwembamba wa chuma. Isimamishe wima, ifukie katika gogo, upige juu ya kichwa chake kilichokatwa. Hapo uzito wote unakuwa chini ya nyundo. Wapo wanaofua visu vizuri kabisa kwa namna hiyo huku wakisubiri bahati ya fuawe.

Ila sikiliza: usinunue reli isiyo na karatasi. Mali ya reli ni miundombinu ya nchi, na kipande kilichong'olewa njiani kinaweza kuua watu waliolala kwenye behewa. Anayekuletea reli usiku kwa guta mwache aende zake.

Hatua ya 3: Tafuta palipokuwa na kazi nzito zamani

Fuawe la kilo 150 halitembei. Lilipelekwa mahali kwa sababu kulikuwa na kazi, na kazi ilipokwisha, mara nyingi lilibaki palepale. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza nani anauza. Jiulize kwanza miaka 70 au 100 iliyopita ni wapi palihitaji mhunzi.

Kwa upande wetu, anza na Urambo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, na Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, na palipo na matrekta ya kung'oa visiki pana majembe ya kunyoosha, pini za kufua na minyororo ya kuunga. Mpango ukafa ndani ya miaka michache, na vyuma vingine vikaingia kwenye maboma ya watu. Mimi sishangai tena nikisikia kuna chuma kizito Urambo.

Kisha fuata misheni. Mapadre na Wamoravian waliofika huku karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walijenga wenyewe: bawaba, misumari, vyuma vya madirisha, magurudumu ya mikokoteni. Misheni kongwe karibu kila moja ilikuwa na banda la useremala na la chuma. Nenda kwa adabu, onana na paroko au mchungaji, eleza unachotafuta. Mara nyingi utaonyeshwa fuawe na kuambiwa haliuzwi. Shukuru, omba kuliangalia, andika alama zake. Hiyo si safari ya bure. Jicho lako limejifunza.

Uvinza ni sehemu nyingine, kwa ajili ya chumvi. Chumvi ya Uvinza ilichemshwa tangu kabla ya wakoloni, na mitambo ya enzi ya Mjerumani ilihitaji mafundi wa chuma. Reli ya Mpanda inayochepuka kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya machimbo, na machimbo hayaishi bila kunoa na kufua patasi za kutobolea miamba.

Kigoma ni habari ya peke yake. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa meli na treni ndani ya maelfu ya masanduku, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Mabamba ya meli ya wakati ule yalishonwa kwa ribiti (pini nene za chuma), na ribiti hupashwa moto hadi iwe nyekundu kabla ya kupigwa. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Bandari yenye historia hiyo ni mahali pa kwenda na macho wazi. Hata leo ukishuka Kibirizi au Ujiji utakuta waunda mitumbwi na boti wakinyoosha misumari na kufua vyuma vya usukani. Waulize hao. Wao wanajua kila chuma kizito kilichopo mwaloni.

Mwisho kuna yadi za skrepa. Nimezitaja mwisho kwa sababu huko ndiko mafuawe yanakokwenda kufa. Muuza skrepa anahesabu kilo, na likipanda fuso linaishia tanuruni liwe nondo. Zoeana na vijana wa yadi. Waachie namba yako ya simu, waambie: "Mkipata chuma chenye pembe kama ya ng'ombe, kizito, msikipakie kabla hamjanipigia." Wapelekee hata picha iliyochorwa kwa mkono. Mimi nimeokoa mawili kwa simu za namna hiyo, moja likiwa tayari limeshanyanyuliwa upande mmoja.

Vifaa chakavu vya serikali huuzwa kwa mnada unaotangazwa. Fuatilia matangazo, nenda siku ya kukagua, wala usikubali mtu akuambie kuna njia ya pembeni.

Hatua ya 4: Uliza kwa maneno ya watu

Ukifika kijijini ukauliza "mna fuawe?" wengi watakutazama tu. Neno lipo kwenye kamusi na vinywani mwa wahunzi wenyewe, lakini kwenye nyumba nyingi chuma hicho kinaitwa kwa kazi kinachofanya sasa: chuma cha kufulia majembe, chuma cha kuzuia geti, kiti cha babu. Uliza hivi: "Hapa kijijini alikuwepo mzee aliyekuwa akifua majembe na mikuki? Vyombo vyake viko kwa nani?" Utapelekwa kwa mjukuu.

Kwa wazee wahunzi wa Kinyamwezi na wa Kiha, uhunzi ni kazi ya ukoo. Majembe ya chuma yalikuwa mali ya biashara na ya mahari huku kwetu kabla ya reli, na mahali pengi babu zetu walifulia juu ya jiwe gumu lililochaguliwa kwa uangalifu. Usiingie kwenye kibanda cha mzee na kuanza kugongagonga. Shikamoo kwanza, kaa, ongea habari za mvua na mazao, omba ruhusa. Ukiambiwa chombo hicho hakiondoki kwenye ukoo, hapo mazungumzo ya bei yameisha. Baki kwa mazungumzo ya ufundi, maana huenda ukaondoka na ujuzi wenye uzito kuliko chuma.

Hatua ya 5: Soma maandishi kabla ya kutaja bei

Beba brashi ya waya, kipande cha chaki, tochi na karatasi. Sugua ubavu wa fuawe kwa brashi polepole, usitumie grinda, kwa sababu maandishi yenyewe huwa na kina cha nusu milimita tu. Pakaza chaki au unga wa sembe juu ya ubavu, kisha futa kwa kiganja. Unga unabaki ndani ya herufi. Sasa mulika tochi kutoka pembeni kabisa, mwanga ulale juu ya chuma. Herufi ambazo mchana huzioni zinainuka.

Nakumbuka Sikonge, jioni, tumepiga magoti watatu mbele ya chuma kimoja. Tulikuwa tumeona "SOLID" tu. Kijana aliyeshika tochi akaishusha kidogo zaidi, na duara zima likatokea: SOLID WROUGHT, na juu yake PETER WRIGHT. Hilo lilitengenezwa Dudley, Uingereza. Mwenye nyumba alikuwa ameishi nalo maisha yake yote bila kujua lina jina.

Majina mengine ya kukariri: Mousehole kutoka Sheffield, Uingereza, Hay-Budden kutoka Brooklyn, na Trenton, haya mawili ya Marekani, Fisher, pia la Marekani, lenye alama ya tai ubavuni, Söderfors na Kohlswa kutoka Uswidi, ambayo ni ya pua iliyomiminwa mwili mzima, Peddinghaus kutoka Ujerumani. Kwa kuwa tulitawaliwa na Mjerumani kisha Mwingereza, ya Marekani usiyategemee sana huku.

Namba za uzito ndizo zinazowachanganya wengi. Mafuawe ya zamani ya Kiingereza yana namba tatu zilizoachana, kwa mfano 2 3 11. Hiyo si kilo 23 wala 2,311. Namba ya kwanza uizidishe kwa 112, ya pili kwa 28, ya tatu iache kama ilivyo, ujumlishe. Utapata ratili za Kiingereza (pauni za uzito):

2 × 112 = 224
3 × 28 = 84
11
Jumla 319

Zidisha kwa 0.4536 upate kilo: karibu kilo 145. Namba ya katikati haizidi 3, na ya mwisho haizidi 27. Ukiona namba moja tu kama 250 kwenye fuawe la Marekani, hizo ni ratili, yaani kama kilo 113. La Kijerumani au la Uswidi likiandikwa kilo, ni kilo kweli.

Kama namba zimefutika, tafuta mizani. Huku kwetu penye chama cha msingi cha tumbaku hapakosi mizani, na karani ukimwomba vizuri siku isiyo ya soko hatakunyima. Kama mizani yako ni ndogo, tumia ujanja huu: weka upande mmoja wa fuawe juu ya mizani na upande wa pili juu ya tofali lenye kimo kilekile cha mizani, soma. Kisha hamisha mizani kwenye upande wa pili, soma tena. Jumla ya hizo mbili ni uzito wote.

Tazama pia matundu madogo ya mraba kiunoni au chini ya miguu. Hayo yalikuwa ya kushikia kwa nondo wakati fuawe lenyewe likifuliwa likiwa jekundu. Ukiyaona, una fuawe la kufuliwa, si la kumiminwa. Na ukikuta fuawe la Kiingereza lisilo na tundu la duara kisiginoni, kaa chini ulitazame vizuri, maana lenye umbo hilo huenda ni la kabla ya miaka ya 1830.

Hatua ya 6: Lijaribu

Hapa ndipo niliumia. Miaka ya mwanzo nilinunua fuawe la kilo zaidi ya 100 kwa fundi mmoja mjini. Lilikuwa limeng'arishwa uso hadi unajiona. Kingo zake zilikuwa kali kama za meza mpya. Nililipa bila kuuliza, nikaenda nalo nyumbani nikijiona mfalme. Wiki ya kwanza nyundo ikaacha alama. Mwezi wa pili katikati pakaanza kubonyea. Lilikuwa limepitishwa mashine hadi tabaka la pua likaisha, au likabaki jembamba kama ganda la yai. Nilikuwa nafua juu ya chuma laini. Pesa ile sikuirudisha, na fuawe lile, ambalo lilivuka bahari na kudumu miaka mingi, halikuwa na dawa tena.

Kwa hiyo, gololi. Nunua gololi ya beringi kubwa, yenye kipenyo cha kama sentimita 2. Shika rula wima juu ya uso wa fuawe, achia gololi kutoka sentimita 25, tazama inaruka hadi wapi. Ikirudi hadi sentimita 18 au zaidi, uso ni mgumu na mwili umeshikamana. Ikirudi 20 hadi 22, una fuawe zuri sana. Ikiishia 12 au chini ya hapo, achana nalo, labda unalitaka kwa pambo. Achia gololi juu ya uso kila baada ya sentimita 3, kuanzia upande wa meza hadi kisiginoni. Kisiginoni na karibu na matundu itapungua kidogo, hiyo ni kawaida kwa sababu chini hakuna chuma kingi. Lakini ikianguka *tup* ghafla katikati, mahali pa upana wa kiganja, hapo pua imeachana na mwili. Usipime pembe wala meza kwa gololi. Hizo ni laini kwa makusudi.

Kisha sauti. Fuawe liwe huru, halijafungwa bolti. Gonga kwa nyundo ndogo, kwa upole. Lililo zima linalia na sauti inakaa. Lenye ufa linajibu kwa mkato, kama sufuria iliyopasuka. Fisher usilihukumu kwa sauti: mwili wake ni chuma cha kumimina wenye uso wa pua, na halilii hata likiwa zima kabisa. Hilo gololi ndiyo shahidi wake.

Ukiwa na shaka ya ufa, pakaza mafuta ya taa mahali hapo, subiri robo saa, futa hadi pakauke, paka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki.

Tupa ya zamani nayo inasema. Iburuze kidogo kwenye ukingo wa uso: iteleze. Ikila chuma kwa urahisi, uliza kama nyumba au karakana iliwahi kuungua. Fuawe lililopita kwenye moto wa nyumba hupoteza ugumu wote, na kwa macho utaliona halina kasoro yoyote.

Mwisho angalia kilichochakaa. Kingo zilizomeguka si kosa kubwa, alimradi una sentimita 10 mahali fulani zilizonyooka. Uso ulioshuka katikati milimita 2 au 3 usikutishe. Mimi napenda bonde hilo dogo, linasaidia kunyoosha panga, kwa sababu chuma hunyooka vizuri kikipewa nafasi ya kushuka kidogo. Afadhali mara kumi fuawe lililochakaa kwa kazi kuliko lililong'arishwa kwa mashine.

Na mafuawe mapya ya bei rahisi ya chuma cha kumimina, yenye rangi ya kung'aa? Gololi inalala juu yake. Usipoteze nauli.

Hatua ya 7: Bei na karatasi

Muuzaji ataanza na bei ya skrepa kwa kilo, kwa sababu ndiyo anayoijua. Usimlalie. Bibi yule wa Urambo nilimwambia wazi kwamba chombo chake kina thamani kuliko chuma chakavu, nikampa zaidi ya alivyotaja. Mwaka uliofuata alinielekeza kwa shemeji yake aliyekuwa na koleo sita na mvukuto wa ngozi. Biashara ya namna hii inategemea jina lako.

Andikeni hati ya mauziano: jina la muuzaji, alama na namba za fuawe, uzito, bei, tarehe, mashahidi wawili, na saini ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa. Piga picha fuawe likiwa bado mahali pake. Ukisimamishwa njiani na kilo 145 za chuma ndani ya kirikuu, karatasi hiyo itajibu kwa niaba yako. Yadini, nunua kwa mwenye kibali na udai risiti.

Hatua ya 8: Kulibeba

Usilinyanyue. Litembeze. Mtaimbo mmoja chini ya kisigino, mabomba matatu ya inchi mbili chini ya miguu, ubao mgumu wa kuteremkia, na watu wawili wanaosikilizana. Bomba linalotoka nyuma mnalihamishia mbele. Kupandisha kwenye kirikuu tumia mbao mbili nene na kamba iliyozungushwa kiunoni mwa fuawe, mmoja akivuta kutoka juu na mwingine akitia kigingi nyuma kila linapopanda. Asisimame mtu upande wa chini wa mbao. Lifunge likae katikati ya ekseli, limelala ubavu, pembe ikitazama nyuma. Kwa boti ya Ziwa Tanganyika likae chini kabisa, katikati, na lifungwe kwa kamba, maana mawimbi ya mchana hayana urafiki.

Hatua ya 9: Kulisimika

Tafuta gogo la mti mgumu lililokauka, lililokatwa kihalali na lenye risiti. Mninga ni mzuri lakini ni hasara kuuzika ardhini. Mtundu au mti mwingine mgumu wa miombo unatosha. Fukia gogo sentimita 60 hivi, shindilia udongo na kokoto kwa zamu. Kimo: simama wima mbele yake, mikono ikining'inia, ukunje ngumi. Uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Likiwa juu mno bega litauma, likiwa chini mno mgongo.

Lifunge kwa mikanda ya chuma miguuni, na kama majirani wanalalamika kelele zungushia mnyororo kiunoni. Sauti inapungua sana na kazi haipungui.

Hatua ya 10: Kulitunza

Usikubali fundi wa kulehemu akujazie kingo. Moto wa kulehemu unalainisha pua hapa na kuipasua pale, isipokuwa fuawe zima lipashwe hadi nyuzi 200 na zaidi kisha lipozwe polepole, kazi ambayo karakana nyingi haziwezi kuifanya. Kingo kali unaweza kuzilegeza kidogo kwa tupa tu. Uso usiuguse na grinda kwa hali yoyote. Na usipige uso mtupu kwa nyundo ngumu. Pua mbili ngumu zikigongana hutoa vipande vinavyoruka kama risasi. Chuma cha moto kiwe katikati, na miwani machoni.

Asubuhi za Juni na Julai, Tabora ikiwa na baridi, pasha kipande cha chuma kikilaze juu ya uso dakika chache kabla ya kuanza. Pua baridi humeguka kwa urahisi, na uso baridi unanyonya moto wa kazi yako.

Mvua zikikaribia, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, lisugue kutu yote kwa brashi. Lipashe kwa mkaa uliotandazwa kwenye bati karibu nalo hadi likuunguze kidogo kiganja, lisifike moto wa kubadili rangi ya uso. Kisha chukua donge la nta ya nyuki, hii hii ya mizinga ya kwetu, ulipitishe pembeni, kiunoni, miguuni na ndani ya herufi. Nta inayeyuka, inaingia kwenye vitundu vya kutu na kugeuka nyeusi inayong'aa. Futa iliyozidi kwa gunia. Karakana itanuka asali hadi kesho yake, na ukimulika tochi kutoka pembeni, jina lote litasomeka.